Nafasi ya Kidole

Baba yangu alikuwa fundi wa mapaa, na mtaa mzima ulimwita Timazi. Timazi ni kile kipande cha chuma chenye ncha kinachoning'inizwa kwa uzi kuona kama ukuta umesimama wima. Jina lilimkaa kwa sababu alikuwa mrefu na mwembamba na alitembea kama aliyemeza ufito, na pia kwa sababu ukimdanganya hakukugombeza. Alikutazama tu mpaka ukajisahihisha mwenyewe. Nimekulia chini ya macho hayo. Ndiyo maana mpaka leo kudanganya sijui, ila kunyamaza najua, na kunyamaza ndiko kulikoniponza.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nina sifa moja shuleni, na nilikuwa naionea fahari: sitoi jibu. Mwanafunzi akikwama ubaoni naweza kusimama dakika tano nzima napangusa miwani, darasa linahema kwa kero, mpaka jibu alitoe mwenyewe. Nyumbani ni mtu mwingine kabisa. Maji yakichelewa kuchemka nayagombeza. Subira yote niliyopewa naitumia darasani, na laiti ningeiacha hukohuko.

Baba alifanya kazi na kaka yake, Baba Mkubwa wangu, tangu ujana wao. Baba Mkubwa alikuwa na mdomo na alikuwa na shule kidogo, kwa hiyo yeye ndiye aliyepatana na wenye nyumba, akasoma michoro, akapanga kazi. Baba aliishia darasa la nne; yeye alikata. Pembe hakuzijua kwa namba na hakuona hasara yoyote. Kenchi ya kwanza, yaani ile pembetatu ya mbao inayobeba paa, waliilaza chini kwenye uwanja, wakaipima kwa kamba upana na kimo, wakasogeza mpaka ikakaa. Halafu baba alichonga kipande kimoja cha ubao kinachofanana na mguu wa kenchi ile, pale mbao ya mteremko inapokanyaga mbao ya chini. Kipande hicho ndicho kigezo. Kwa kigezo hicho alichora miguu mingine yote, na ikikatwa ilikaa, huwezi kupitisha hata karatasi. Nusu ya nyumba za mtaa wetu zimelala chini ya mikato yake mpaka leo.

Ikaja kazi ya ukumbi wa mikutano. Mkandarasi alikuwa mtu wa haraka. Habari za vigezo hakutaka kuzisikia. Alileta mchoro uliopigwa chapa na mashine ya umeme ya kukatia mbao, yenye meza inayozunguka na namba za nyuzi, yaani digrii za pembe, zimechorwa pembeni. Kenchi arobaini kwa siku nne, akasema, na akaondoka. Baba Mkubwa akautandaza mchoro juu ya rundo la mbao. Kwenye mguu wa kenchi palikuwa na kimstari kilichopinda na namba arobaini na mbili.

"Weka arobaini na mbili, kata miguu yote," akamwambia baba.

Baba akazungusha meza ya mashine mpaka arobaini na mbili, akaikaza, akakata miguu themanini kwa mchana mmoja. Nakumbuka alivyorudi nyumbani siku ile, nywele zimejaa vumbi la mbao, anacheka kama mtoto. Alisema mbao zinakatika kama sabuni. Alisema akipata hela atanunua yake. Kesho yake mashine ikaungua, na vichwa vya kenchi, kule juu mbao mbili za mteremko zinakokutana, wakavikata kwa mkono kwa njia yao ya zamani. Vichwa vikakaa sawa. Miguu ikakataa.

Ilikanyaga kwa kisigino tu. Ncha ya mbele ilikuwa imeinuka, na chini yake kidole cha mtu kilipita.

"Kaka, haikai," baba akasema.

"Karatasi inasema arobaini na mbili. Wewe uliweka ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi mkono wako ulicheza. Ulikuwa unaiharakisha mashine. Tia kabari, tupige misumari, tuendelee."

Baba akachonga kabari themanini, vipande vyembamba vya mbao vya kujaza ile nafasi, akazigongomea moja moja. Miezi mitatu baadaye, mabati yako juu na wapaka rangi wako ndani, mvua ya upepo ilipiga tangu asubuhi. Kabari zikateleza. Kenchi saba zikashuka kwa mpigo. Mpaka rangi mmoja alikuwa juu ya ngazi, anamalizia kona, na hakutoka.

Mkaguzi alikuja akapima miguu, akaandika kwamba mikato haikufuata mchoro. Sentensi hiyo ni ya kweli mpaka leo. Akauliza nani alikata. Baba Mkubwa akatazama chini, akasema, "Mdogo wangu ndiye mkataji." Baba akasema, "Ndiyo, nilikata mimi." Nayo pia ilikuwa kweli. Hakuna aliyeuliza zaidi, maana swali lilikuwa limeshapata mtu.

Hakufungwa. Afadhali wangemfunga, angehesabu miaka na ingeisha. Aligawa misumeno yake yote, mmoja kwa huyu, mwingine kwa yule, kama mtu anayehama nchi. Akapata kazi duka la vifaa vya ujenzi, kupima misumari kwa kilo na kuifunga kwenye magazeti, miaka kumi na mmoja. Mafundi waliokuwa wakimwita bwana mkubwa sasa walimwambia, "Mzee, nipimie misumari ya inchi nne." Alipima. Mama alikufa katikati ya miaka hiyo, na mimi nikamchukua baba kwangu, kwa kuwa mume sina na chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Mlango wangu wa jikoni ulilegea bawaba. Kila alipopita aliuinua kwa bega ili ufunge, lakini bisibisi hakuigusa. Nilimletea mara mbili, nikaiacha mezani makusudi. Mara mbili aliirudisha kwenye droo.

Akikaa mezani kidole chake cha shahada hakikutulia. Kilitafuta nafasi chini ya sahani, kati ya ubao na ubao, kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa hajui kama anafanya hivyo. Mke wa marehemu mpaka rangi alishamwambia zamani kwamba amemsamehe, na akamwomba aache kwenda kumfagilia uwanja kila Jumapili maana watoto wanaogopa. Baba akaacha kwenda, lakini msamaha haukumwingia. Aliniambia siku moja, "Amenisamehe yeye. Mkono je? Mkono wangu ulicheza na mimi sikuusikia. Mtu asiyeusikia mkono wake mwenyewe atashika nini tena?"

Na kaka yake? Hawakugombana, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Baba Mkubwa aliendelea na mapaa yake, na kwenye misiba na harusi walikutana. "Shikamoo kaka." "Marahaba." Basi, hapo ndipo mazungumzo yalipoanzia na ndipo yalipokufa. Baba hakumlaumu kwa lolote. Mimi nilimlaumu kwa niaba yake, na nilikuwa na nguvu za kutosha kwa wote wawili.

Mwaka ule baba alipoanza kuvimba miguu, daktari alisema moyo umepanuka. Alisema tumpe dawa, tumpunguzie chumvi, tumpunguzie mawazo. Chumvi nilipunguza.

Ndipo Baba Mkubwa akaja mlangoni kwangu, kofia mkononi, umri umepita sitini, anaona haya kama mchumba.

"Mwalimu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo kabla. "Wametoa sheria mpya. Kama huna cheti cha ufundi hupandi juu ya jengo. Kuna mtihani wa mikono na mtihani wa karatasi. Wa mikono siuogopi. Huo wa karatasi, hizo pembe pembe, nimesahau kila kitu."

"Uliwahi kujua?"

Akacheka kidogo. "Basi nifundishe nisichowahi kujua."

Nilitaka kumfungia mlango. Nakiri. Lakini sauti ya baba ikatoka chumba cha nyuma, "Mfundishe kaka yangu, mwanangu. Asije akakaa kama mimi." Nikamwambia aje Jumamosi saa tisa.

Jumamosi ya kwanza alikuja na daftari jipya na penseli imechongwa kwa kisu cha seremala, ncha bapa. Aliketi sebuleni. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa hatua nane kutoka kiti chake. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi kuliko inavyofaa. "Shikamoo kaka," ikatoka ndani. "Marahaba," akajibu, na akafungua daftari.

Nilianza na kona ya kitabu. Nikamwambia kona hii ni pembe mraba, nyuzi tisini, haizidi haipungui. Nikaweka penseli kutoka kwenye kona hiyo kwenda katikati ya ukurasa. Sasa kona imegawanyika pembe mbili. Ukiijua moja, nyingine huna haja ya kuipima, kwa sababu zote mbili lazima zijaze tisini. Hizo ndizo pembe zinazokamilishana. Ikikua moja, mwenzake anapungua kwa kiasi kilekile.

"Nipe namba yoyote chini ya tisini," nikamwambia.

"Arobaini na mbili."

"Kwa nini hiyo?"

"Imenijia tu."

"Haya. Pembe moja ni arobaini na mbili. Ya pili ngapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Nami nikafanya ninachofanya siku zote: nikavua miwani, nikapangusa. Nikiwa napangusa hesabu ilijifanya yenyewe kichwani, tisini toa arobaini na mbili, arobaini na nane, na tofauti ya hizo mbili ni sita. Nyuzi sita. Kwenye mguu wa kenchi wenye upana wa kiganja, nyuzi sita ni nafasi gani? Miwani ikanitoka mkononi.

"Arobaini na nane," Baba Mkubwa akasema, amefurahi. "Nimepata?"

"Umepata," nikamwambia. Kisha nikamuuliza, sauti yangu mwenyewe naisikia kwa mbali, "Ile mashine yenu ya kukatia mbao. Sifuri yake iko wapi?"

"Sifuri ni mkato wa moja kwa moja. Unakata mbao kama unavyokata mkate."

"Kwa hiyo ukiizungusha, inahesabu kuanzia hapo."

"Inahesabu kuanzia hapo," akasema, na akageuza ukurasa.

Alipoondoka nilichukua boksi la viatu jikoni. Nikakata ukanda wa boksi nikiigiza ile mashine: kwanza mkato wa moja kwa moja, halafu nikazungusha nyuzi arobaini na mbili kutoka hapo, nikakata tena. Nikaipima ncha iliyobaki kwenye ukanda. Arobaini na nane. Mashine haikukosea na mkono haukucheza. Mashine ilihesabu kutoka kwenye mkato wa moja kwa moja, na mchoro ulihesabu kutoka kwenye mbao iliyolala. Mchoro ulitaka ncha ya arobaini na mbili. Ili kuipata ilibidi mashine iwekwe arobaini na nane. Nikauweka ukanda juu ya meza kwa mteremko wa kwenye mchoro. Ukakanyaga kwa kisigino. Nikapitisha kidole changu mbele, kikapita.

Baba alikata miguu themanini vilevile alivyoambiwa, yote sawasawa, bila kutetereka hata mara moja. Mkono wake siku ile ulikuwa mzima kuliko siku zote za maisha yake.

Sasa mtu mwenye akili angeinuka pale pale, na ukanda wa boksi mkononi, atembee hatua nane. Sikuinuka. Sijui nianze kujitetea wapi, kwa hiyo sitajitetea, nitasema tu ilivyokuwa. Nilitaka Baba Mkubwa alione mwenyewe. Nilitaka alitoe jibu kwa kinywa chake, ainuke kwenye kiti changu, aingie mle ndani na kumwambia mdogo wake, "Si wewe, ni mimi niliyesoma vibaya." Nikimwambia mimi, nilijiambia, itakuwa ni mtoto anampoza baba yake. Akimwambia yeye itakuwa kweli. Hiyo ni sababu ya mwalimu, na ni sababu nzuri. Chini yake ilikuwepo nyingine ambayo si nzuri: nilitaka kumwona akiumia. Miaka kumi na mmoja nilikuwa naisubiri siku hiyo, na nilitaka kuwepo, na miwani yangu iwe safi.

Nikautupa ule ukanda wa boksi kwenye ndoo ya taka, baba asije akauona kabla ya wakati.

Wiki ile baba alikuwa na nafuu kidogo. Jumanne aliniuliza, "Unamfundisha nini kaka yangu?"

"Pembe, baba. Mbili zinazojaza pembe mraba."

"Ni ngumu?"

"Si ngumu."

"Na mimi ungenifundisha, ningeelewa?"

Ningeweza kumfundisha kwa kona ya shuka. Nikamwambia, "Ukipata nguvu, baba. Tena utaelewa haraka kuliko yeye." Akacheka mpaka akakohoa. Akasema nisimseme vibaya mkubwa wake.

Jumamosi ya pili nilimpangia Baba Mkubwa maswali kama ninavyowapangia wanafunzi, kila moja linamsogeza hatua. Ngazi imeegemea ukuta: pembe ya chini ngapi, pembe ya juu ngapi? Mteremko wa paa: ukipimwa kutoka chini ni ngapi, ukipimwa kutoka kwenye wima ni ngapi? Akawa anajibu, moja baada ya nyingine, penseli yake bapa inakwaruza. La mwisho niliandika hivi: mchoro unataka ncha ya nyuzi arobaini na mbili. Mashine inahesabu kutoka kwenye mkato wa moja kwa moja. Utaiweka ngapi?

Nikavua miwani.

Alisoma swali. Akalisoma tena, midomo inatembea. Penseli ikagusa karatasi ikabaki hapohapo. Nilisikia baba akijigeuza kitandani, chaga zikalia. Baba Mkubwa hakuinua uso. Mimi nikawa napangusa kioo ambacho kilishatakata zamani.

"Nipatie maji," akasema.

Nikampa. Akanywa yote, akashusha glasi taratibu kama yai.

"Hili limenishinda, mwalimu. Kichwa kimechoka. Tuliweke Jumamosi ijayo."

"Halina ugumu, Baba Mkubwa. Umeshajibu yote kabla yake."

"Jumamosi ijayo," akasema, na alikuwa ameshasimama. Alitoka bila kofia yake. Hakuaga chumba cha nyuma. Nikaitazama kofia kwenye kiti, nikajiambia: anakaribia, Jumamosi atafika. Huwa nawajua wanapokaribia. Nikamwacha, kama ninavyowaacha wote.

Jumatano jioni, jua bado lipo, nilimpelekea baba kiti chake karibu na dirisha. Pumzi ilikuwa inamwia nzito tena. Mikono alikuwa ameiweka juu ya magoti, na kidole cha shahada kilikuwa kinapita kwenye ufa wa kiti, kinakwenda na kurudi.

Akanyoosha mkono wa kulia akautazama mbele na nyuma. "Mkono huu uliua mtu," akasema. Hakulia, hakupandisha sauti. Alisema kama unavyomtambulisha mtu kwa mgeni.

Nikaushika. Ulikuwa baridi, na ngozi ya kiganja ilikuwa imelainika kwa miaka ya kufunga misumari kwenye magazeti. Sugu zote zilishaisha. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Lilikuwa na urefu wa maneno manne: mkono wako haukukosea, baba. Nikahesabu siku: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Siku tatu tu. Nikasema, "Usiseme hivyo, baba," maneno ambayo watu husema wakiwa hawana la kusema, na mimi nilikuwa nalo.

Kesho yake, kipindi cha tatu, nilikuwa nimesimama kando ya ubao, kijana mmoja amekwama, darasa linahema, mimi napangusa miwani. Mwalimu mkuu akafungua mlango. Jirani alikuwa amempigia simu. Baba alikuwa amekwenda jikoni mwenyewe kutafuta maji, akauinua mlango kwa bega kama kawaida yake ili aufunge, akaanguka pale pale. Daktari alisema hakuteseka. Anazungumzia zile dakika za mwisho, nadhani.

Baba Mkubwa alikuja siku ya kuzika, akabeba jeneza mbele, upande wa kulia. Watu walipotawanyika akanifuata jikoni. Nilikuwa nimeishika kofia yake, nikampa. Hakuivaa.

"Niliona," akasema. "Ile Jumamosi, lile swali la mwisho. Niliona kabla hujamaliza kuliandika. Nikasema nimalize mtihani kwanza, ni Jumatatu, nipate cheti, halafu nije nimwambie nikiwa nimetulia. Nilikuwa naogopa. Ningemwambia nini, mwanangu? Nimekula miaka yake kumi na mmoja." Akajifuta uso kwa kofia. "Wewe ulijua lini?"

Nimesema kudanganya sijui.

"Jumamosi ya kwanza."

Akanitazama. Wana macho yale yale, yeye na baba. Sikuwahi kuliona hilo. Hakunigombeza.

"Basi wewe ulikuwa na siku kumi na mbili," akasema. "Mimi nilikuwa na tano."

Nilimwita majina ambayo mtoto hamwiti mkubwa wake. Alisimama akayapokea yote, na nilipoishiwa akaniwekea kiti. Nikaketi, yeye akaketi sakafuni, na hatukuwa na hesabu nyingine iliyobaki.

Alitimiza kusudi lake kwa namna yake. Aliwaambia watu, mmoja mmoja, mafundi, majirani, hata mke wa mpaka rangi alimtafuta alikohamia akamwambia. Walimsikiliza. Walitikisa vichwa, wakasema ni mambo ya dunia, wakauliza habari za afya yake. Hakuna aliyekuwa bado anaihitaji habari hiyo. Aliyeihitaji alikuwa mmoja. Mtihani aliufanya ile Jumatatu, siku ya tano ya msiba, kwa sababu ana wajukuu na paa ndiyo kazi anayoijua. Alifaulu. Swali la pembe zinazokamilishana alipata lote. Cheti alinionyesha akiwa amesimama mlangoni, hakukaribia meza, na nikamwambia hongera.

Bawaba ya mlango wa jikoni aliikaza yeye, bila kuulizwa. Sasa unafunga vizuri. Mimi bado nauinua kwa bega.

Niliporudi shuleni, somo lilikuwa palepale nilipoliacha. Mwenzangu aliyenishikia darasa aliruka sura ile. Nikamwita msichana mmoja wa nyuma, mpole, anayependa kuficha daftari kwa mkono. Kwenye kitabu pembe moja ilikuwa thelathini na tano. Akachora kona, akachora mstari, akaandika thelathini na tano, akakwama. Chaki ikabaki hewani. Darasa likajinyoosha, likaegemea, maana wananijua. Wengine walishafungua madirisha.

"Hamsini na tano," nikasema.

Wakageuka wote kunitazama. Msichana akashusha chaki, uso umemwanguka.

"Mwalimu, nilikuwa nakaribia."

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Andika."